Fimbo Iliyolala Lamboni

Vijana wa kamati, siku ile mliponikuta naanika mtama mkaniambia, "Bibi, tuandikie ulivyokuwa unapanga zamu za maji," nilikubali upesi kama mtu aliyeombwa chumvi. Tangu hapo sijapata raha. Shule yangu iliishia darasa la nne. Hata yale ninayojiandikia mwenyewe jioni, asubuhi nikiyasoma huwa najiuliza: ndivyo ilivyokuwa kweli, au ndivyo ninavyopenda iwe? Kwa hiyo msiyashike haya kama sheria. Yachukueni kama maneno ya mtu aliyesimama karibu na maji muda mrefu, akaogopa mara nyingi.

Naandika sasa kwa sababu lambo limeanza kushuka mapema mwaka huu, na nimesikia mnabishana kama mifugo inayotoka nje ya kijiji iruhusiwe kunywa au izuiwe. Mabishano hayo nayaogopa. Nitawaambia kwa nini.

Kwanza lambo lenyewe, maana ninyi mmelikuta lipo. Chini ya tuta kuna bomba moja lenye koki moja. Ukigeuza koki upande huu, maji yanakwenda kwenye mbauti, lile hodhi refu la saruji wanamonywea ng'ombe. Ukigeuza upande wa pili, yanaingia kwenye mtaro wa bustani za vitunguu. Kote kwa pamoja hayaendi. Na ndani ya lambo, karibu na ukingo, kuna jiwe jeusi. Maji yakishuka yakafika kwenye jiwe, koki inafungwa, na yanayobaki ni ya ndoo za nyumbani tu mpaka mvua irudi. Kazi yangu ilikuwa kushika ule mpini wa koki na kusema nani anafuata. Ukiisikia ni kazi ya mtoto. Ukiifanya mwezi wa kumi, jua limesimama na watu wamesimama, utatamani uwe umezaliwa kijiji kingine.

Aliyenifundisha ni Mzee Ntandu, aliyeshika koki kabla yangu. Alikuwa na jicho moja tu lililoona vizuri. Alisema linamtosha, kwa sababu la pili lingekuwa linaangalia ng'ombe wake mwenyewe. Mkutano ulipopitisha kwamba mwanamke ndiye atakayemrithi, mfugaji mmoja alicheka mpaka akajishika kiuno. "Sasa ng'ombe wetu watakunywa vyombo vikishaoshwa!" Mzee Ntandu akamgeukia. "Wewe mwenyewe ulinyweshwa na mwanamke miaka miwili, na mbona umenenepa?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Wiki ile ile nilikiona cha moto. Niliwaambia wafugaji wasubirishe makundi yao upande wa magharibi, penye migunga yenye kivuli. Nilidhani nimewafanyia wema. Mnajua upepo wetu wa kiangazi unavyotoka mashariki bila kuomba ruhusa. Ulipita juu ya maji ukawapelekea ng'ombe harufu puani. Walikuja wote kwa mara moja, mbauti haikutosha, ua wa miiba ukaenda, nami nikajikuta nimekumbatia mgunga. Mgunga haukumbatiwi, wajukuu zangu. Mzee Ntandu alinichomoa miiba huku akisema, "Ng'ombe hapangi foleni kwa akili, anapanga kwa pua. Waweke kule upepo unakotoka." Hilo mnaweza kulishika bila mashaka. Nimelijaribu mpaka nilipostaafu, na halijanidanganya.

Sasa fimbo. Siku hizi mmeamua zamu ziandikwe kwenye simu, na sitabisha, ngojeni nifike huko. Enzi zetu mfugaji akifika alichomeka fimbo yake ardhini nyuma ya fimbo ya mwisho, akaenda zake kuchunga au kulala. Fimbo ilisimama badala yake. Hakuna aliyegusa fimbo ya mwenzake. Na kama mtu ameacha zamu yake, labda amepata maji kwingine, alikuja mwenyewe akailaza chini, kichwa kikielekea majini. Fimbo iliyolala ilikuwa ruhusa: anayefuata apite.

Walikuwepo wajanja. Dalali mmoja wa mnada wa Issuna alikuja akachomeka fimbo tatu, kumbe hana hata ndama. Mtu akiwa na haraka alimwachia nafasi kwa kuku. Mzee Ntandu akaenda akasimama naye pale kwenye fimbo.

"Ng'ombe wa fimbo hii wana rangi gani?"

"Weupe, mzee."

"Basi kawalete wanywe, zamu yao imefika."

Dalali aliondoka na kuku kwapani, na mpaka leo mnadani wanamwita Mfuga Fimbo. Ndipo tukaweka sharti: fimbo ijulikane na ng'ombe wake.

Baadaye wenye bustani nao wakadai zamu, na kwa haki. Mkutano wa kijiji ulikubali. Wao hawana fimbo za kuchungia, wakawa wanachomeka mipini ya majembe. Mara ya kwanza wafugaji walipoukuta mpini kwenye mstari, mmoja akauliza kwa sauti, "Na huu unafuga nini?" Wifi yangu Rehema, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa mwenye mpini. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Unafuga vitunguu. Havipigi teke wala havivunji ua wa mtu."

Huyo Rehema ndiye nataka kuwaeleza, yeye na Mzee Gidamis.

Mwaka ninaousema mvua zilikatika uwele ukiwa bado unachanua. Rehema alikuwa ameuza mbuzi wake wote akanunua mbegu na mbolea ya vitunguu, maana nyumbani hapakuwa na nafaka ya kufikia msimu mwingine. Vitunguu vilikuwa vimeanza kujaza. Kitunguu kikifika hapo kinataka maji mara moja zaidi. Kikipata, kinakuwa mzigo wa kupeleka sokoni. Kikikosa, kinakuwa kitu cha kuunga mboga wiki moja. Hakuwa na shamba lingine la kutegemea. Hilo ni la kweli, na nalisema si kwa kuwa ni wifi yangu.

Mzee Gidamis alikuwa anakuja kwetu kila kiangazi na ng'ombe wake, kwa ruhusa ya kijiji. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye shuka jeusi na kikohozi. Mwaka huo ng'ombe walikuja mbavu zikihesabika. Maji mengine yalikuwa ya kutembea tangu alfajiri hadi jioni, na wengi wao wasingefika. Ng'ombe ndio waliokuwa ghala lake, shule ya wanawe, na mahari ya kijana wake Gwandu. Hilo nalo ni la kweli, na nalisema ingawa si ndugu yangu.

Watu wa semina walikuja mara moja wakatueleza habari ya migogoro ya wakulima na wafugaji. Walikuwa watu wa heshima, walitusikiliza, na mengi waliyosema yalikuwa kweli. Mimi kilichonisumbua ni kimoja tu, nami sikuthubutu kunyoosha mkono. Rehema alikuwa na ng'ombe wawili kwa kaka yake mwingine. Gidamis alikuwa amelima mahindi nyuma ya boma lake, na yalikauka kama yetu. Sasa mkulima ni nani hapo? Labda sikuelewa vizuri. Lakini nilivyoona mimi, mtu anaitwa mkulima au mfugaji siku maji yanapokuwa machache. Siku nyingine zote anaitwa jirani.

Basi maji yakakaribia jiwe. Kila mtu aliyekuwa na macho aliona kwamba zamu moja ndiyo imebaki kabla ya koki kufungwa. Fimbo iliyokuwa mbele ni ya Gidamis, fimbo ya mkole iliyochomekwa na Gwandu. Nyuma yake mpini wa Rehema.

Asubuhi nilikwenda kwanza kwenye kikao cha kijiji kuwaeleza hali ya maji. Mpini wa koki niliuacha mahali pake, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba mwenye zamu anaweza kufungua mwenyewe nikiwa nimechelewa. Niliporudi nilisikia kelele kabla sijaona kitu. Maji yalikuwa kwenye mtaro wa bustani. Rehema alikuwa amesimama ndani ya mtaro, jembe mkononi. Gwandu alikuwa ukingoni, na nyuma yake vijana wenzake na fimbo. Kutoka upande wa kijijini watu walikuwa wanakuja na mapanga ya kukatia miiba, lakini mtu akiwa na hasira panga halijui lilitengenezwa kwa kazi gani.

"Fimbo ilikuwa imelala!" Rehema alikuwa anapiga kelele. "Nimeikuta imelala, kichwa majini! Mnataka nisome nini tena?"

"Nani ameilaza?" Gwandu akasema. "Mimi sikuilaza. Baba hakuilaza. Mama, sisi tunaacha ng'ombe wafe, halafu tunalaza fimbo?"

"Unaniita mwizi?"

"Nakuuliza fimbo inatembea?"

Fimbo ilikuwa pale chini. Kichwa kweli kilielekea majini. Nikaenda kutazama shimo lake. Fimbo iliyochomolewa inaacha shimo safi, na iliyoangushwa inapanua shimo upande mmoja. Mzee Ntandu alinifundisha hivyo. Lakini miguu ya watu ilikuwa imeshapita juu yake, hapakuwa na shimo, palikuwa na vumbi tu.

Nilifunga koki. Hilo nililiweza. Maji yakasimama, na watu wote wakanigeukia.

Mtendaji wa kijiji, kijana mzuri, mwoga kama mimi, akanivuta pembeni. "Mama, wewe ndiye uliyepita hapa jana jioni ukikagua. Wote wanakuamini. Ilikuwa imesimama au imelala?"

Vijana wa kamati, nataka mfikirie hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi yenu yote ilipo. Jana yake nilipita. Nilipita kama nilivyopita kila jioni, nikatazama mstari. Na kichwani mwangu niliiona ile fimbo imesimama. Lakini niliiona kwa sababu ilikuwa imesimama, au kwa sababu nilikuwa nimezoea kuiona imesimama siku zote zilizotangulia? Nilijaribu kufumba macho na kuirudisha jioni ile. Nilipata fimbo imesimama. Nikajaribu tena, nikaipata imelala. Mtu akitaka sana kukumbuka, kichwa kinampa chochote anachoomba.

Rehema akanitazama. Mimi nimekula kwake, amenizalisha wanangu wawili, na alikuwa ndiye aliyenishika siku ya kumzika kaka yake. Upande wa pili Mzee Gidamis alikuwa amefika, anakohoa, amejiegemeza kwa mtu. Akasema, "Mama, sema tu. Ukisema imelala, nitaondoka. Nakuamini."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ingekuwa rahisi.

"Sema neno moja, mama, watu watawanyike," mtendaji akaninong'oneza.

Nikasema, "Sijui."

Maneno yakanijia kutoka pande zote. Mtu wa kwetu mmoja akasema, "Miaka yote tumemweka hapa aangalie fimbo, leo hajui fimbo!" Kijana wa kule akasema, "Anamficha ndugu yake." Nikarudia, "Sijui. Nadhani niliiona imesimama, lakini kudhani si kuona. Siwezi kumnyang'anya Rehema maji kwa kudhani, wala kumnyang'anya Gidamis. Upepo ulivuma jana. Ng'ombe wa kupita huwa wanajikuna. Mtu anaweza kuwa aliigusa. Sijui."

Sijui kama lilikuwa neno la busara. Mpaka leo sina hakika. Nawaambia tu kilichotokea. Watu walikuwa wamekuja kupigana na mwongo, na mwongo hakupatikana. Kama ningesema imelala, Gwandu angekuwa mwongo. Kama ningesema imesimama, Rehema angekuwa mwizi. Baada ya "sijui" walibaki watu wawili ambao kila mmoja alifuata desturi ile ile. Hasira iliendelea kuwepo, lakini ilikosa pa kukaa.

Mzee Gidamis ndiye aliyeketi kwanza, chini, kwenye vumbi. Mzee akiketi, vijana hawawezi kuendelea kusimama na fimbo. Akamuuliza Rehema, "Maji yamefika wapi kwenye bustani?"

"Matuta ya juu yamepata. Ya chini bado."

"Nina wenye ndama wachanga. Na wanaokamuliwa."

Rehema aliyatazama matuta ya chini. Kisha akachomeka jembe kwenye mtaro akaziba kwa udongo. "Walete hao," akasema. "Hao tu. Na huyo mwanao aache kuniangalia hivyo, nina umri wa mama yake."

Gwandu akainamisha kichwa. "Samahani, mama."

Nikageuza koki upande wa mbauti. Walikunywa wenye ndama na wanaokamuliwa, mpaka maji yakagusa jiwe, nikafunga. Ng'ombe wengine Gidamis aliwapeleka kwenye maji ya mbali mchana ule ule.

Msidhani huu ni mwisho mzuri. Matuta ya chini ya Rehema yalikauka. Alivuna nusu, na mwaka ule watoto wake walikula uji mwepesi, nami nilikuwa nauona. Gidamis alipoteza ng'ombe njiani, wengine wakiwa karibu kabisa na kufika. Mwaka uliofuata hakuja. Tukasikia kikohozi kilimchukua. Na Rehema, ambaye ananipenda, amekuwa akiniambia kila tukigombana kidogo, hata kama tunagombania sufuria: "Wifi, ungesema imelala." Wapo na wa upande wa Gidamis walioapa hawatanisalimia, na mmoja ameshika neno lake. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyezikwa kwa sababu ya maji. Hilo ndilo pekee ninaloweza kuweka kwenye mizani upande wangu, na kuna siku naliona jepesi.

Sasa simu zenu. Kwa haki niseme: jina likiandikwa kwenye simu, upepo hauliangushi. Ng'ombe hajikuni kwenye simu. Kama zingekuwepo mwaka ule, huenda Rehema angevuna yote au Gidamis angefika na ng'ombe wake wote, na mimi nisingekuwa na haya ya kuandika. Kwa hiyo tumieni. Lakini siku moja majina mawili yatagongana, au chaji itaisha, au mtu atasema aliambiwa kwa mdomo, na watu watawageukia ninyi mkiwa mmesimama pale kwenye koki. Siku hiyo mkijua, semeni mnachojua, hata kama kinamuumiza wifi. Msipojua, msijifanye. Na kabla ya siku hiyo kufika, piteni kila jioni mtazame kwa macho, msipite kwa mazoea kama mimi.

Kuhusu kuzuia mifugo ya nje, sina la kuwaamulia. Naijua hofu yenu, maana ni yangu pia: maji ni kidogo, na huruma haijazi lambo. Ninachoomba ni kwamba kikao mkifanyie pale mbautini, si ofisini, na anayekataliwa awepo akiwasikia. Ni vigumu kumkatalia mtu mbele ya ng'ombe wake, na nadhani inapaswa kuwa vigumu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini jana nilikwenda kuchota maji nikamkuta Gwandu. Mtu mzima sasa, ana mvi pembeni. "Shikamoo, mama," akasema, "umenisahau." Sijamsahau. Alikuwa amekuja na ng'ombe wachache kuomba zamu. Alisema jina lake mmeliandika kwenye simu mkamwambia angoje kikao chenu. Hata hivyo alikuwa amechomeka fimbo. Nikamuuliza ya nini, ikiwa simu ipo. Akacheka kidogo. "Baba angeniuliza iko wapi." Kisha akaenda kuwatazama ng'ombe wake, aliowaweka kule upepo unakotoka.

Nikawa najaza ndoo. Upepo ulikuwa unavuma kweli, unatoa machozi. Rehema akaja na ndoo yake kichwani, na vitunguu vyake mwaka huu viko pale chini kama kawaida, vinajaza. Akapita kwenye ile fimbo akasimama. Nilimwona anaitazama. Nikaacha kuchota. Akaishusha ndoo, akaokota jiwe, akapiga magoti kwa taabu, kwa sababu magoti yake ni mabovu kama yangu, akaanza kushindilia udongo kuzunguka fimbo, kwa jiwe na kwa kisigino cha mkono, pande zote. Akajaribu kuitikisa. Haikutikisika.

Akainuka, akajipangusa, akaona namtazama.

"Haya, shahidi," akasema. "Leo umeona?"

"Nimeona."

"Imesimama au imelala?"

"Imesimama, wifi."